Kimya cha Dongobesh

Juzi mtaalamu wa sheria za kimataifa alikuja Dongobesh kutaka malisho yetu yawe hifadhi.

"Any objection? Kuna anayepinga?"

Wazee wakainamia fimbo zao, kimya.

"Kimataifa, anayenyamaza amekubali!" akatangaza, akitabasamu.

Mama mmoja akasimama. "Mwanangu, hapa mgeni hakataliwi usoni. Tunanyamaza mpaka aelewe, aondoke."

"Sheria haisemi hivyo, mama."

"Walioitunga walimuuliza nani huku?"

Mtaalamu akatazama saa. "Mwenyekiti, chakula cha mchana kipo?"

Mwenyekiti akainamia fimbo yake, kimya.

Mimi, mwenye digrii ya sheria nisiye na kazi, nikamnong'oneza mtaalamu: "Congratulations, bosi. Amekubali. Subiri tu."

Nilipoondoka, bado alikuwa amekaa anasubiri. Ng'ombe wetu walimpita wakielekea malishoni.