Dirisha Nililofunga

Nilikuwa nalima Kalunguta, na nyumbani neno langu lilikuwa la mwisho. Mjukuu wetu wa kwanza alipozaliwa, nilifunga mwenyewe mbao za dirisha. Kwetu mtoto hakutolewa nje kabla kitovu hakijaanguka.

Siku ya pili mke wangu alimsogeza mtoto karibu na mlango.

"Macho na ngozi yake iko jaune, manjano kabisa."

"Bajomba yake ni beupe," nilicheka. "Ulitaka atoke mweusi kama mimi?"

"Papa, mimi sichezi. Tumupeleke kwa centre de santé, muuguzi amuangalie."

"Kitovu haiyaanguka. Ikianguka, tutaenda."

Siku ya nne alikuwa analala tu. Mama yake, mke wa mwanangu, alimpa titi, likateleza kinywani bila kunyonywa. Nilimsifu mtoto kwa utulivu. Ndiyo, nilimsifu. Asubuhi ya tano alilia kwa sauti nyembamba, kali, ambayo sikuwahi kuisikia, akapinda mgongo kwa nyuma kama upinde. Kitovu kilikuwa bado kinaning'inia.

Tulikwenda hospitalini Butembo kwa pikipiki mbili. Nje kwenye jua nikaona: manjano ilikuwa imefika nyayoni.

Muuguzi alimbonyeza ngozi ya paji. "Rangi hii ilianza siku gani?"

"Jana," nikasema.

Mke wa mwanangu hakuwa amewahi kunipinga. Alinitazama, kisha akamgeukia muuguzi.

"Hapana. Siku ya pili. Papa alijua."

Daktari alieleza kwamba manjano ile ikizidi damuni huingia kwenye ubongo. Taa ingeishusha, lakini kilichokwisha kuharibika kichwani hakirudi. Mtoto akalazwa uchi chini ya mwanga wa buluu, macho yamefunikwa kitambaa. Umeme ulipokatika, nilisimama ukutani mpaka jenereta ikanguruma.

Aliishi.

Mdogo wake alipozaliwa, mimi ndiye niliyembeba hadi kwa muuguzi, kitovu kikiwa bado kibichi.

Yule mkubwa anatembea kwa kuyumba, na hasikii. Nikitaka aniangalie, nagonga ubao wa baraza kwa fimbo. Mtetemo unamfikia miguuni. Anageuka, anacheka. Hajui nani alifunga dirisha. Mama yake anajua. Ananiletea chai, ananiita papa kama zamani, na mimi napokea kikombe bila kumtazama usoni.