Ndama Nyuma ya Mashini

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye karakana yetu ya Kirotshe, shefu wa servisi, yaani mkuu wetu wa kazi, alinikabidhi kipande cha plastiki chembamba kama ganda la kitunguu. "Shika pembeni," akasema. "Bila hii, mashini iko sanduku tu."

Huo ndio utando, wanangu. Mashini zetu zilitoa umeme kutokana na methanoli, ile pombe yenye sumu, bila moto wala kelele. Utando hupitisha protoni, chembe ndogo mno, na kuizuia methanoli isivuke upande wa hewa. Ule wa plastiki tupu ulivujisha. Wetu ulichanganywa na unga laini wa silika, jamii ya mchanga, basi ukavumilia.

Nilianzia Walikale, kwenye mnara wa redio. Utando hupenda unyevu, na msitu ule una unyevu wa kumwaga. Tando zilidumu, nami nikajiona fundi kwelikweli.

Kisha, mwaka wangu wa mwisho kazini, nikahamishiwa Mushaki, kwa Mama Riziki, mfugaji aliyefungiwa mashini ya kuendesha friji ya maziwa yake. Hapo tando zilikufa moja baada ya nyingine. Shefu alilaumu kiwanda. Mimi pua iliniambia mengine: nyuma ya ukuta walilala ndama, na mvuke wa mkojo wao, yaani amonia, uliingia na hewa ya mashini, ukakalia nafasi za protoni ndani ya utando.

"Tuhamishe mashini," nikamwambia shefu.

"Mashini iko mu beto," akajibu akigonga zege lililoishikilia. "Batoto ya ngombe iko na miguu."

"Papa, inje kuko bezi," Mama Riziki akamsihi.

Nilibishana na shefu mpaka akanikumbusha nani hutia sahihi mshahara wangu. Ndama wakatolewa nje. Haukupita muda, wezi wakawasomba wote. Shefu yule nimemkasirikia hadi leo, na sioni sababu ya kuacha.

Sasa nimestaafu. Vijana wakiniuliza habari za tando nawaeleza kwa furaha, ila huwauliza kwanza nani alikuwa akilala pale wanapotaka kuweka mashini. Wengine hucheka.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilipita Mushaki kuaga. Utando ulikuwa mzima, umeme umejaa, friji baridi ajabu. Nikaifungua. Haikuwa na hata tone.

"Mashini yako iko muzima, Papa," Mama Riziki akasema. "Ngombe njo zinakataa kutoa maziwa. Bado zinatafuta batoto yao."