Utani Uliompa Shoga Yangu Udaktari

Nafasi ya kusomea shahada ya udaktari Ulaya ilikuwa moja, tukaiomba wawili, walimu wa shule moja pale Tabora. Akapewa shoga yangu. Mimi nikaandikwa wa akiba. Elimu yenyewe ilikuwa pilau: saikolojia, isimu, falsafa, hata kompyuta ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona, vyote chungu kimoja, eti ijulikane akili ya mtu inavyofanya kazi. Mbele za watu nilimcheka. Nyumbani nililia.

Mwaka uliofuata alirudi kufanya utafiti katika kijiji kipya cha ujamaa karibu na Usinge, akaniomba niwe mkalimani wake wa Kinyamwezi. Nilikubali upesi. Utafiti ukiharibika angerudishwa nyumbani, na nafasi ingekuwa yangu.

Kazi yake ilikuwa kutaja vitu kumi na viwili, kisha mtu avirudie. Siku ya kwanza watu walikumbuka vitano, sita. Siku ya pili, kabla hajafungua daftari, niliwanong'oneza wanakijiji kwamba mgeni wetu ni Mzaramo. Nilijua ninachofanya. Tangu babu zetu Wanyamwezi walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani, Mzaramo ni mtani wetu, na mtani hajibiwi sawasawa.

Bibi mmoja akaanza kurudia. "Jembe, ambalo Mzaramo hulikimbia. Chungu, ambacho Mzaramo hukilamba. Kamba, ya kumfungia Mzaramo asituibie kuku." Akaendelea hivyo hivyo, watu wakashika mbavu. Shoga yangu naye akacheka, akamrudishia matusi ya kwao. Mimi nikatafsiri kila neno kwa raha zangu, nikijua kazi ya siku ile imekwisha.

Mchana, tukila ugali, akaacha tonge mkononi.

"Shoga, umehesabu? Yule bibi ametaja vyote kumi na viwili. Tena kwa mpangilio!"

Sikuwa nimehesabu. Nilizaliwa ndani ya utani ule, nikautafsiri kwa mdomo wangu, na bado yeye ndiye aliyeona. Roho iliniuma kuliko siku alipopewa nafasi.

Wiki nzima akawaomba watu wamtanie. Utani ukawa sura nzima ya tasnifu yake, na sura hiyo ndiyo waliyoisifu walimu wake. Alinitumia nakala, akanishukuru kwa kuwaambia wanakijiji kabila lake.

Niliisoma mara tatu nikitafuta kosa. Sikuliona.