Kinyozi Aliyemhamisha Meneja

Jumatatu iliyopita nilifika Keroka na nywele za wiki tano kichwani, nikaukuta mlango wa kinyozi wangu umefungwa. Muuza viatu wa jirani aliniambia bila kunizungusha: "Mwalimu, Jaduong' alituacha Ijumaa. Ni presha." Nilisimama pale barazani nimejishika kichwa kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Msomaji anayenifuata kila wiki ataniwia radhi basi, leo niyaache mambo ya kaunti na majani chai, nimzungumzie mtu aliyeninyoa kwa miaka kumi na sita na hakunikata hata mara moja, ingawa mdomo wake haukutulia hata dakika moja.

Jaduong' halikuwa jina lake. Ni neno la kwao, kule kando ya ziwa, linalomaanisha mzee wa heshima, nasi Wakisii tulimpa alipokuwa bado kijana kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Alijifunza Ekegusii, lugha yetu, hadi akawa anawasahihisha watoto wetu. Katika duka lake kulikuwa na viti viwili, kimoja chake na kingine cha msaidizi wake, mama wa watoto wawili kutoka Nyamira, ambaye mkono wake, tuseme ukweli, ulikuwa mwepesi kuliko wa mwajiri. Na ukutani, kati ya viti hivyo, palikuwa na tangi la kioo.

Ndani ya tangi aliishi kambare. Alikuja kama zawadi ya mteja, mdogo kama kidole, akatiwa pamoja na samaki wawili wa rangi ya chungwa walionunuliwa Kisii kwa ajili ya urembo. Baada ya miezi michache wale wa chungwa hawakuonekana tena, na kambare akawa na tumbo la mtu aliyetoka harusini. Wateja tukamwita Meneja, maana alielea pale akimkagua kila aliyekalia kiti, na ndiye pekee mle ndani aliyekuwa na sharubu zisizowahi kuguswa na wembe. Watu walitoka mbali kuja kumtazama, na wakishafika walinyolewa. "Mtu wa ziwani analisha samaki badala ya kumla!" tulimtania. Jaduong' alijibu vilevile kila siku: "Mimi samaki wangu wa kula ni ngege. Huyu ni mfanyakazi mwenzangu."

Mambo yalibadilika alasiri moja ya mvua. Mama mmoja mkulima wa chai kutoka Nyacheki, aliyekuja Keroka kumsalimia binti yake, aliingia dukani kujikinga. Mvua ilinyesha saa nzima, naye saa hiyo yote hakubandua macho kwenye tangi. Mimi nilikuwa kitini, nusu ya kichwa imeshanyolewa.

"Jaduong', hii samaki yako imekuwa kubwa," alisema mwishowe.

"Inakula vizuri, mama."

"Sijauliza kula. Mimi niko na bwawa kwangu, naona vile samaki inaenda. Angalia hii ikifika kwa kona. Haigeuki. Inajikunja kama nguo."

Tukatazama wote, mashine ikinguruma hewani. Ilikuwa kweli. Meneja alipofika kwenye kona aliupinda mgongo, akaisugua pua yake kwenye kioo, kisha akajisukuma kwa mkia hadi akatazama alikotoka. Juu ya pua palikuwa na kovu jeupe. Nilikuwa nimekaa mbele ya kovu lile kwa miezi na sikuwahi kuliona.

Jaduong' hakuamua siku hiyo. Aliazima futi ya fundi cherehani, akakuta kwamba upana wa tangi ni mdogo kuliko urefu wa samaki mwenyewe. Akaona pia jambo ambalo alikuwa amelikwepa: maji yaliyokuwa yakikaa safi wiki nzima sasa yalichafuka kesho yake. Sisi wateja tukajipa kazi ya ushauri. Mmoja akapendekeza sufuria. Mwingine akasema amwachilie mtoni, Jaduong' akakataa: "Mtoni kuna samaki wenye kwao. Siwezi kuwapelekea huyu mlafi." Mimi nikamshauri atengeneze tangi kubwa zaidi. Fundi wa vioo akaja, akapima, akasema litaenea, ila kiti kimoja kitatoka nje. Nakiri kwamba sikuwa nikimtetea samaki. Nilipenda tu kunyolewa nikimtazama.

Ikabidi ampigie simu yule mama wa Nyacheki. "Nafasi iko," mama akasema, "lakini si kwa bwawa langu la ngege. Huyo wako atazimaliza." Basi Jaduong' na msaidizi wake walienda huko Jumapili tatu mfululizo, wakachimba bwawa dogo la Meneja peke yake chini ya shamba la chai. Nami nilikwenda Jumapili moja tu, nikalalamika zaidi kuliko nilivyochimba. Siku ya kuhama, Meneja alisafiri ndani ya pipa lililofunikwa gunia bichi, nyuma ya pikapu ya ndizi. Tulipofika Ogembo alilirusha gunia, akatulowesha wote, na akina mama wa sokoni wakalizunguka gari. "Hii ni ya bei gani?" Jaduong' alilikumbatia pipa kwa mikono miwili. "Huyu hauzwi, mama. Huyu anahamia."

Mwezi mmoja baadaye nilimsindikiza kumtembelea Meneja. Alichuchumaa ukingoni, akagonga kopo kama alivyozoea kugonga kioo wakati wa chakula. Akagonga tena. Katikati ya bwawa maji yalitikisika, mgongo mweusi ukageuka kwa nafasi, ukazama upande wa pili. Hakuja. Nilimwonea huruma rafiki yangu, lakini nilipomtazama alikuwa anacheka hadi machozi. "Amenisahau huyu! Basi yuko sawa."

Wiki hiyohiyo alimwita msaidizi wake. Yule mama alikuwa ameomba mara mbili kwenda kufungua duka lake mwenyewe la kunyoa Nyamira, na mara mbili Jaduong' alimjibu, "Bado kidogo." Sasa alimpa mashine yake nzuri kuliko zote, akamwambia aende. Nilimuuliza kama haogopi kupoteza wateja. "Nitawapoteza," akasema. "Wewe mwenyewe utamfuata." Sikumfuata, lakini wengi walimfuata, naye hakuwahi kumsema vibaya.

Jumatano nilikwenda kutoa pole kwa mjane wake. Aliniambia kwamba yule mama wa Nyamira alifunga duka lake siku mbili, akaja mochari na mashine ileile, akamnyoa mwalimu wake kwa mara ya mwisho, polepole, huku akimsimulia habari za wateja. Hakuna aliyemwita.

Wanaotunza viumbe, na wanaoongoza watu, hupenda kujisifu kwa wanaobaki nao. Jaduong' alijua kwamba kitu kikishakua, utunzaji wake ni kukipeleka kinakotosha, kirudi au kisirudi. Kambare hakurudi, yule mama alirudi, na yeye aliridhika na wote wawili.

Mimi naongoza shule ndogo, na tangu muhula uliopita barua ya mwalimu wangu wa hisabati imekuwa kwenye droo yangu. Anaomba uhamisho awe karibu na mama yake mgonjwa. Ni mwalimu bora kuliko wote nilionao. Alhamisi nilimwita ofisini, nikaweka saini mbele yake.

"Nilidhani hutaki niende," akasema.

"Sitaki," nikamjibu. "Chukua barua, kabla sijabadilisha nia."