Simu Iliyochaguliwa na Kikao

Simu mpya kabisa, hata ile nailoni ya kwenye kioo sijaibandua, iliniandikia hivi: "Laini hii hairuhusiwi."

Nikaitoa laini. Nikaipangusa kwenye blauzi. Nikairudisha.

"Laini hii hairuhusiwi."

Nilikuwa nimekaa kitandani kwenye hosteli ya wafanyakazi, nchi ya watu, begi hata sijalifungua. Asubuhi yake msimamizi wa kiwanda alitakiwa kunipigia kwenye laini ya huko tuliyogawiwa na kiwanda. Asiponipata, nafasi yangu inapewa anayefuata na mimi narudishwa nyumbani. Walituambia hivyo uso kwa uso, na hakuna aliyekuwa anatania.

Sasa ngoja niwaeleze simu yenyewe ilivyopatikana. Mtatamani kutukana.

Mimi ni fundi wa kushona viti vya magari. Nilipopata kazi kiwanda cha nje, niliwaambia nyumbani jambo moja tu: nataka simu itakayofanya kazi huko. Basi.

Familia yetu haijui basi. Familia yetu inajua vikao.

Kikaitishwa kikao cha simu. Jamani, kikao cha simu! Kikawa na mwenyekiti na katibu, na baba mdogo akaja na shati la kuchomekea.

Mwenyekiti, kama kawaida, shemeji yangu, mume wa dada yangu. Sisi tunamwita Mtaalamu. Bwana huyu ana kibanda cha uwakala wa kampuni moja ya simu, basi anavyoongea utadhani minara aliisimamisha yeye kwa mikono yake.

"Shemeji," akaanza, amekunja nne, "huko nje usiende kuonekana mshamba. Wewe unahitaji kamera."

"Nahitaji simu inayoshika laini ya huko."

"Kamera tatu," akasema, akamgeukia katibu. "Andika."

Baba mdogo akauliza kama ikiingia maji inakufa. Dada akauliza rangi. Shangazi, ambaye hata kupiga simu hupigiwa na wajukuu kwa sababu hajui pa kubonyeza, akataka kioo kiwe kikubwa. Wote wanatikisa vichwa kama wanapitisha bajeti ya nchi. Watu wazima hovyo!

Hakuna hata mmoja aliyeuliza simu inapokea laini za kampuni gani.

Mama alikuwa pembeni anakunja nguo. Aliuliza swali moja tu: "Namba yake itabaki ile ile?"

"Itabaki, mama," Mtaalamu akamjibu haraka haraka.

Nikasema nitajinunulia mwenyewe. Loh! Dada akanuna, shangazi akasema nimeanza kiburi hata sijaondoka. Nikawaachia kikao chao.

Simu nilikabidhiwa siku ya safari, gari linapiga honi nje, watu wanapiga makofi. Nikasema, "Hebu niijaribu kwanza kwa laini ya kampuni nyingine."

Mtaalamu akanitolea macho. "Shemeji, unanipima mbele za watu?"

Dada akanikanyaga mguu. Kwetu ukimuumbua mume wa dada yako mbele ya ukoo, anayelipia ni dada yako. Nikaitia simu mkobani, nikasema ahsanteni sana. Rohoni namwona Mtaalamu kituko kitupu.

Haya, turudi hosteli.

Mwenzangu wa chumba, fundi rangi, mwanamke mwenye kicheko kikubwa, alikuwa ananiangalia nahangaika. Nikachimbua begini simu yangu ya zamani, ya batani. Nikatia laini. Hakuna mtandao.

"Hiyo hapa itakusaidia kutazama saa," akasema. "Mtandao wa simu za hivyo walishauzima. Njoo twende kwa fundi."

Nikamwomba aniazime ya kwake. "Na mimi napigiwa asubuhi hiyo hiyo, dada. Simu ina tundu moja la laini." Alikuwa na haki. Na mfukoni nilikuwa na ya kula tu, siyo ya kununua simu nyingine.

Fundi simu wa mtaa ule aliitazama mara moja akanirudishia. "Haina ugonjwa. Imefungwa itumie laini za kampuni iliyoiuza tu. Kuna namba za kufungulia. Ukiziingiza, inapokea laini yoyote."

"Nani anazo?"

"Aliyekuuzia."

Nilirudi hosteli natembea kama nakwenda kupigana. Intaneti ya hosteli ilikuwa inakubali, nikampigia Mtaalamu kwa hiyo hiyo simu yake ya kamera tatu.

"Shemeji! Umefika salama?"

"Simu uliyoniletea imefungwa. Ulijua au hukujua? Maana yote mawili ni aibu."

Mtu wa maneno yale yote, akaanza kukohoa.

"Namba za kufungulia ninazo," akasema mwishowe. "Lakini shemeji, mimi nilitumwa tu. Ngoja umsikie mama."

Nikasikia simu inapokezanwa.

"Ni mimi niliyemwambia alete iliyofungwa," mama akasema.

"Mama?"

"Kaka yako alikwenda nje na simu inayopokea laini zote. Akaweka ya huko, ya kwetu akaitupa. Sijamsikia tena mpaka leo. Wewe nawe ukaweke ya huko? Mimi nizae watoto wa kupotea tu?"

Matusi yote niliyokuwa nimeyapanga kwa Mtaalamu yakaniganda mdomoni. Kaka yetu mkubwa nyumbani hatajwi. Hata kwenye kikao hakutajwa.

"Mama, asubuhi wasiponipata narudishwa."

"Najua."

"Ndicho unachotaka?"

"Nimekuwa nikiomba iwe hivyo," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, nikamhurumia na nikamkasirikia kwa wakati mmoja.

"Mama nisikilize. Laini ikishika tu, wa kwanza kupigiwa ni wewe. Sauti yangu utaisikia kabla ya msimamizi, kabla ya mtu yeyote. Nakuapia."

Akavuta pumzi. "Mpe," akamwambia mkwewe.

Mtaalamu akanisomea namba, mnyenyekevu kama mwanafunzi aliyechelewa. Nikaziingiza. Laini ikashika. Mwenzangu akapiga vigelegele mpaka chumba cha pili wakagonga ukuta.

Nikampigia mama. Ikaita, ikakatwa.

Nikapiga tena. Ikakatwa.

Nikaona bila shaka amebadili moyo. Nikarudi kwa Mtaalamu kupitia intaneti, nikawakuta bado wako pamoja sebuleni.

"Mama, mbona unanikatia?"

"Nimekukatia saa ngapi? Hapa inanisumbua namba ya ajabu tu, ina alama ya kujumlisha mbele."

"Ndiyo mimi hiyo!"

"Hee! Mimi hizo huwa sipokei. Mkwe wangu alishaniambia hizo zote ni za matapeli, ukipokea tu wanakomba salio."

Huyo ndiye Mtaalamu wetu. Mwenye kibanda cha simu, hajui kwamba mtu aliye nje akipiga, namba yake inakuja hivyo.

Nikauliza, ingawa nilianza kuogopa jibu. "Mama, zimekupigia nyingi?"

"Wee! Kuna moja ilikuwa king'ang'anizi hiyo. Baada ya kaka yako kuondoka ilipiga wee, nakata. Ikawa inapiga kila mwisho wa mwaka, nakata. Mpaka ikachoka yenyewe, haijapiga..."

Akaishia hapo.

Kisha nikamsikia mama anamuuliza Mtaalamu taratibu, "Baba, namba niliyoikata, inaweza kupatikana tena?"

Mtaalamu akaipekua simu ya mama, akasema namba za zamani zilishajifuta. Mara ya kwanza maishani mwake kupatia, na ndiyo siku tuliyotamani akosee.

Asubuhi msimamizi alipiga, nikapokea. Kazi ninayo, viti nashona.

Mama siku hizi anapokea kila namba ya kujumlisha. Wakija matapeli wa kweli anawapokea pia. Hawajasema hata habari, yeye anauliza, "Ni wewe?" Juzi mmoja alikata mwenyewe.

Nimemaliza, sasa nisikilizeni. Ukienda nje, usichaguliwe simu na kikao. Itie laini ya kampuni nyingine ukiwa bado nyumbani, wakinuna wanune. Na wewe uliyebaki, ambaye una mtu wako huko mbali, namba usiyoijua ikiita, pokea. Ikiwa tapeli utakata. Mama yangu anaitafuta moja tu, na hakuna fundi anayeweza kumrudishia.