Sahani ya Bibi

Usiku ule nililala vizuri, na hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo. Jioni hoja yangu ilikuwa imeshinda kwenye kikao cha familia. Bibi alikuwa akisahau mambo mengi, na sasa alikuwa amegoma kula. Nikaeleza, kwa maneno yangu ya chuoni, kwamba mtu wa hali hiyo anahitaji wataalamu, hivyo asubuhi tumpeleke makao ya wazee mjini. Mama aliuliza tu kama haiwezekani msaidizi aje hapa nyumbani. Nikamwambia aweke hisia pembeni. Akaenda kufunga begi la Bibi.

Basi usingizini nikamwona Babu. Alifariki nikiwa sekondari, lakini alikuja mchana kweupe, kanzu imepigwa pasi, birika la kunawia mkononi. Tangu nikiwa mdogo Bibi aliniita mume wake, na Babu akaniita mwizi wa wake za watu. Nikangoja utani. Hakutania.

"Mwenzangu," akasema, "mke wetu umemweka wapi?"

Nataka kumwambia kwamba wafu hawaulizi maswali, ila tayari tuko kwenye ukumbi mrefu wenye vitanda, na kando ya kila kitanda kuna sahani iliyofunikwa. Babu anafunua moja baada ya nyingine. Wali umekauka, vijiko havijaguswa. Namweleza kuwa hata nyumbani nilimtengea Bibi sahani yake na kijiko chake, kwa ajili ya usafi. Anaendelea kufunua. Kisha ukumbi unakuwa sebule yetu, na Bibi amekaa mkekani mbele ya sinia, ameshanawa, maji yanamdondoka mikononi, anatazama mlango.

Maisha yake yote hajawahi kula peke yake. Juzi aliponiuliza wenzake wako wapi, nilimjibu kwamba chakula kile ni chake tu.

Babu ananimiminia maji mikononi. Ni ya baridi.

"Hajagoma," anasema. "Anakungoja."

Niliamka mikono ikiwa mikavu. Ndoto siziamini hata sasa. Ubongo hurudia yale tuliyokataa kuyaona, basi. Lakini kulikuwa kumekucha, na begi la Bibi lilikuwa mlangoni. Nikamwomba Mama kiporo cha wali, kwenye sinia. Nikanawa, nikaketi mkekani. Bibi aliitazama mikono yangu, kisha akalisogeza sinia katikati yetu.

"Umechelewa, mume wangu," akasema, akafinyanga tonge.

Sikuweza kumtazama Mama. Nilimsikia tu akilirudisha begi chumbani.