Barua Iliyosomwa Kinuni

Pale misheni Mvumi mwalimu alitufundisha kusoma kwa kukata maneno. Kila silabi kofi moja, na ile inayotangulia ya mwisho kofi la nguvu: a-na-LI-ma, tu-ta-VU-na. Viganja vyangu vilichelewa, wenzangu, wote wa vijiji vingine, wakanicheka mpaka nikaichukia shule.

Nyumbani nikaacha makofi, nikashika mchi. Mimi na mama tulitwanga uwele katika kinu kimoja kwa kupokezana, na wanawake wa kwetu hawatwangi bila mdundo. Kila pigo silabi. Penye mkazo nikashindilia. Haikupita muda hapakuwa na wa kunicheka, nami nikawasonya wote waziwazi. Ndivyo nilivyo.

Wakati huo baba alikuwa amekwenda kuwajengea Wajerumani reli, huko upande wa Tabora. Masika mawili yalipita bila habari. Nilimkumbuka mno, hasa kikohozi chake cha asubuhi. Kisha jirani aliyekuwa naye kazini akarudi na barua, baba kaandikiwa na karani. Kijijini msomaji ni mimi tu.

"Soma hapahapa," mama akasema, "mimi natwanga."

Nikasoma, naye akapiga mchi kwa kila silabi. *Nimekonda lakini ninakula. Mbuzi mwekundu msimuuze. Ninawakumbuka. Nitarudi.* Maneno hayo machache tuliyarudia mpaka uwele ukatoka maganda.

Barua nyingine haikuja. Ikawa ileile, kila jioni, kinuni.

Siku moja, kwa majivuno yangu, nikaisoma yote kwa mkupuo mmoja kama mwalimu mwenyewe, nikangoja kusifiwa. Mama ndiyo kwanza alikuwa ameinua mchi. Akabaki ameushika juu.

"We mtoto! Mbona umemmaliza baba yako upesi hivyo?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Loo! Akauegemeza mchi kinuni, akajifunika uso kwa kitambaa chake, akalia.

"Rudia," akasema baadaye. "Nipe kidogo kidogo, kama zamani."

Nikarudia, silabi kwa silabi, tangu siku hiyo mpaka mama alipofariki. Baba hatukumwona tena.

Leo nimezeeka, nasoma kitabu kizima bila kuchezesha midomo. Barua ile bado naikata. Nikifika ni-ta-RU, nakawia hapo, sitaki kufika mwisho.